Neno "sana" limechoka

KIBARAZANI na Mwanaidi Shomari

Siku binamu yangu aliporudi Pangani na shahada yake, shangazi hakusema "nimefurahi sana". Alifungua khanga kiunoni, akaitandika mlangoni, kijana akapita juu yake na viatu vyake vya vumbi la safari. Kisha shangazi, na goti lake bovu, akapiga kigelegele kirefu hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Neno hakutamka.

Nilimkumbuka juzi nikisoma habari ya uzinduzi wa kisima. Mgeni rasmi alipokewa "kwa nderemo na vifijo". Ukurasa wa michezo nao, timu ilipokewa kwa nderemo na vifijo. Sisi waandishi tumeyafunga maneno haya kama mapacha, tunayatuma kila shughuli, hata kwenye mikutano ambayo watu hupiga makofi ili mhutubu amalize, waende zao. Kifijo ni kelele, jamani. Usiyekisikia kwa masikio yako usikiandike.

Nje ya magazeti, kazi yote tumemtwika "sana". Pole sana, asante sana, nimefurahi sana: neno hilohilo linazika, linashukuru, linaoza mwari.

Na wala lugha haijafilisika. Anayesema roho yake kwatu hakuambii kwamba anarukaruka. Anakuambia imetulia, haina dukuduku. Aliyesuuzika moyo je? Mtazame mtu akisuuza sufuria: maji ya mwisho yanapita, povu linaondoka, sufuria linang'aa. Moyo uliosuuzika ndio huo, na mara nyingi ulikuwa na masizi kwanza. Bashasha makao yake ni usoni, kwa hiyo usimwambie mtu kwenye simu kwamba umeiona. Naye anayecheka hadi magego yakaonekana, kielezi cha nini tena?

Wazee wenzangu hawapendi vijana wanaposema "nimepagawa" kwa wimbo au kwa bao la dakika ya mwisho. Mimi nawaunga mkono vijana. Kupagawa ni kupandwa na pepo, na furaha ya namna ile kweli humtoa mtu nafsini mwake akapiga mayowe asiyoyakumbuka baadaye.

Nilimuuliza shangazi alijisikiaje siku ile. Akaingia chumbani, akarudi na khanga. Soli ya kiatu ilikuwa bado imejichora katikati, kisigino hadi vidole. Ilikuwa miezi mitatu imepita, na hajaifua.