Mgeni Asiyepewa Jembe

Kuna aina ya wema ambao hupimwa kwa saa, kama ujira wa kibarua. Nauona kila mwaka katika shule za sekondari hapa Maryland, Marekani, ninakoishi, na nia yangu katika kurasa hizi ni kuupinga. Siupingi kwa kuwachukia vijana wanaoutenda. Wengi wao ni watoto wema, na mmoja wao ni mpwa wangu ninayemlea. Naupinga kwa sababu unawafundisha vijana kwamba kuhudumia watu na kuwajua watu ni mambo mawili yasiyohusiana.

Nianze na sheria yenyewe. Katika jimbo hili mwanafunzi hutakiwa kutoa huduma kwa jamii, kwa kawaida saa 75, kabla ya kuhitimu sekondari. Kanuni hiyo ilipitishwa mwaka 1992, na wa kwanza kubanwa nayo walikuwa wahitimu wa mwaka 1997. Nia yake ni njema. Lakini saa lazima zitoke mahali, na hapo ndipo klabu za shule zinapoingia. Klabu ya lugha ya Kihispania huwapeleka wanachama wake kwenye sherehe za utamaduni za watu wenye asili ya nchi zinazosema Kihispania, ambao wengi hujiita Walatino. Vijana hupanga viti, hupuliza maputo, hugawa sahani na kupaka watoto wadogo rangi usoni. Jioni mwalimu mlezi huweka sahihi: saa sita. Kesho yake kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Msimu mkubwa wa sherehe hizo ni kati ya tarehe 15 Septemba na 15 Oktoba. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi azimio la kuwa na juma la urithi wa Kihispania, na mwaka 1988 sheria ikaligeuza juma kuwa mwezi mzima. Tarehe hizo hazikuokotwa barabarani. Tarehe 15 Septemba 1821 ndipo Guatemala, El Salvador, Honduras, Nikaragua na Kosta Rika zilipotangaza uhuru. Meksiko huadhimisha uhuru wake tarehe 16, na Chile tarehe 18. Mwezi huu, basi, ni mwezi wa bendera. Muulize kijana aliyetoka kupuliza maputo ni bendera za nchi gani alizokuwa akizitundika, uone kama atakujibu.

Mimi niliuliza. Mpwa wangu alikuwa ametumikia sherehe tatu. Alijua kofia pana za Meksiko, na alijua tarehe 5 Mei, ambayo Wamarekani wengi hudhani ni siku ya uhuru wa Meksiko. Siyo. Ni kumbukumbu ya vita vya Puebla vya mwaka 1862, Wameksiko walipoyashinda majeshi ya Ufaransa. Hayo yote ni ya Meksiko. Lakini Walatino wengi kuliko wengine wote hapa Maryland wana asili ya El Salvador. Akina mama aliowasaidia kubeba masufuria walikuwa Wasalvador. Chakula alichokigawa kilikuwa pupusa, mkate wa unga wa mahindi uliojazwa jibini au maharagwe, unaoliwa na kabichi ya siki. Ukuta nyuma yao ulikuwa umepambwa kofia za nchi ambayo si yao, na mapambo hayo yalikuwa kazi ya klabu.

Mtu ataniambia: kofia tu, inakukera nini? Inanikera kwa sababu ya kilichofichwa nyuma yake. El Salvador ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia mwaka 1980 hadi 1992, na watu wapatao 75,000 waliuawa. Askofu Mkuu Óscar Romero alipigwa risasi akiwa altareni tarehe 24 Machi 1980. Mwaka 2018 Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu. Maelfu walikimbia na kufika huku. Kwa hiyo yule mama anayegeuza pupusa kwenye chuma cha moto huenda anajua kuhusu nchi, vita na amani mambo ambayo mwalimu wa historia ameyasoma vitabuni tu. Kijana amesimama naye saa sita, bega kwa bega, na ameondoka na sahihi. Huo ndio ubadhirifu ninaoupigia kelele.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huisema methali hii kana kwamba ni ya kumkomoa mgeni. Mimi naiona kuwa ni ya kumheshimu. Anayepewa jembe amekubaliwa: atajua shamba linaanzia wapi, ardhi ipi ina mawe, nani hapatani na nani. Klabu hizi humfanya kijana kuwa mgeni wa siku mbili kila mwaka. Anakula, anaona ngoma, anashangilia, anaondoka. Siku ya tatu haifiki.

Wapo wanaodhani kosa ni kulazimisha, kwamba wema wa kushurutishwa si wema. Sikubaliani nao. Nilikulia Tanzania penye msaragambo, na asiyetokea kuchimba mtaro alitozwa faini. Hata hivyo ilikuwa kazi ya kweli, kwa sababu watakaonywa yale maji ndio walioikagua. Hapa mkaguzi ni shule. Wenye sherehe hawaulizwi kama kijana amewafaa, wala walihitaji nini tangu mwanzo.

Wengine husema bora kidogo kuliko kukosa kabisa. Viti lazima vipangwe. Kweli, vipangwe. Lakini wale akina mama walikuwa wakipanga viti vyao kabla klabu haijazaliwa. Wanachokikosa si mikono ya kubeba viti. Kuna mtoto aliyefika majuzi ambaye hesabu anaiweza, ila hakielewi Kiingereza cha swali. Kuna mzee anayejiandaa kwa mtihani wa uraia na anahitaji mtu wa kumsomea maswali ya historia jioni mbili kwa juma. Kuna bibi mwenye kumbukumbu za kijiji chake ambazo wajukuu wake hawajawahi kuziandika. Kazi hizi kijana wa miaka kumi na sita anaziweza, na hawezi kuzifanya bila kuwajua watu.

Tena tuwafikirie wanafunzi Walatino wenyewe. Mtoto wa wazazi kutoka Honduras huvishwa sketi ya Kimeksiko acheze ili wenzake wapate saa zao. Yeye ambaye angekuwa mwalimu wa klabu, maana lugha wanayojifunza wenzake kwa taabu ndiyo ya nyumbani kwao, anageuzwa pambo la jukwaani.

Sasa niwageukie wenzangu tunaosema Kiswahili na tunaolea watoto huku. Sisi ndio tunaowasukuma watoto: kusanya saa, vyuo vikuu vinaziangalia. Lakini shule ikiandaa usiku wa Afrika, watoto wa watu wakavaa vitenge, wakapiga ngoma, wakala pilau na kwenda zao bila kuuliza Tanga iko wapi na Kisumu iko wapi, tunarudi nyumbani tukinung'unika. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tusilolipenda kutendewa, tusiwatume watoto wetu kuwatendea jirani.

Ninachokitaka si kikubwa. Klabu iende kwa wenye sherehe mwezi mmoja kabla, iulize, kisha inyamaze isikilize. Sahihi ya saa itoke kwa mama wa pupusa au mzee wa mtihani wa uraia, asiitoe mwalimu. Na fomu iongezwe swali moja: umemjua nani, na amekufundisha nini? Asiyeweza kulijibu, saa zake zisihesabiwe, hata kama amepanga viti mia tano.

Mpwa wangu sasa huenda kila Jumamosi kumsaidia mtoto mmoja wa darasa la nne masomo ya hesabu, nyumbani kwao, mezani pao. Neno meza, amegundua, kwa Kihispania ni mesa. Sisi tulilipata kutoka kwa Wareno, majirani wa hao Wahispania. Hakuna sherehe iliyomfundisha hilo. Alifundishwa na mtoto wa miaka tisa, baada ya kukaa naye kitako.