Kabla Hujapeleka Tungule Hotelini, Muulize Mhasibu

Leo siweki picha ya bidhaa. Nataka tuzungumze ukweli kuhusu biashara ambayo kila mtu anatwambia tuikimbilie: kuchukua mboga na matunda kwa wakulima wetu wa shamba na kuyauzia mahoteli.

Mimi nina duka dogo Mkunazini, hapa Mji Mkongwe. Nimeishia kidato cha nne. Biashara sikufundishwa na mtu, nimejifunza kwa kula hasara. Nilianza na viungo kwenye WhatsApp, baadae wateja wakawa wananiuliza tungule, mchicha na ndimu, nikaanza kuvifuata shamba na kuwapelekea majumbani.

Sasa hii habari ya hoteli. Mwaka 2024 peke yake Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na wote wanakula. Halafu nenda bandarini uone makreti ya tungule, karoti na kabichi yanavyoshuka kutoka Bara. Ukiona vile lazima useme fursa si hii! Na mimi nilisema hivyo hivyo.

Mwaka juzi nikapata hoteli moja ya ukanda wa mashariki. Mpishi mkuu alizipenda bidhaa zangu, akataka kila wiki tungule kilo 60, tango kilo 40, na pilipili boga na mchicha juu yake. Nilifurahi mpaka nikaweka status. Karatasi ilisema malipo ni baada ya siku 30. Mimi nikaona siku 30 ni karibu tu.

Hesabu sikufanya. Hebu tuifanye hapa pamoja.

Mzigo wa wiki moja, pamoja na keri ya kuupeleka, ulikuwa unanigharimu 300,000. Wiki nne ni 1,200,000 imetoka mfukoni na bado sijaona hata shilingi. Kumbe zile siku 30 zilikuwa zinahesabiwa kuanzia mwisho wa mwezi, sio kuanzia siku niliyopeleka mzigo. Kwa hiyo mzigo wa tarehe 2 unalipwa baada ya karibu siku 60. Wiki nane ni 2,400,000. Mtaji wangu wote ulikuwa 800,000.

Piga mwenyewe. Kabla wiki ya tatu haijaisha mtaji ulikuwa umekwisha. Baada ya hapo wageni wa hoteli ile walikuwa wanakula kwa pesa ya nani? Ya wakulima.

Kuna mama mmoja Bumbwini alikuwa ananidai 180,000. Kila akinipigia namwambia "Mama, subiri kidogo, wanalipa wiki ijayo." Siku moja nimefika shambani kwake asubuhi nakuta tungule zote zimeshachukuliwa na dalali. Hakunigombeza. Aliniambia tu: "Mwanangu, dalali ananipunja, lakini pesa yake naila leo. Yako nzuri, ila naisikia kwenye simu tu."

Sikuwa na jibu. Wiki ile nikapeleka nusu ya oda, na mpishi akarudi kwa mtu wake anayeleta mzigo kutoka Bara. Pesa ilikuja mwishoni, nikampelekea yule mama haki yake yote mkononi. Lakini mpaka leo ananiuzia kile kinachobaki baada ya dalali. Na simlaumu.

Kwa hiyo nikisikia watu wanasema wakulima wa Unguja hawawezi kulisha mahoteli, naona wamesema nusu. Nusu yao ni kweli: huko pwani ya mashariki kwenye mahoteli ardhi ni mawe matupu, mvua za masika zinaozesha tungule, na karoti zinapenda baridi ya kama Lushoto, sio joto letu. Nusu waliyoisahau ni hii: mbegu, dawa na mafuta ya pampu mkulima ananunua taslimu. Hawezi kupanda kwa ahadi. Na yule mwenzetu wa mzigo wa Bara hatushindi kwa utamu wa tungule. Anatushinda kwa sababu ana mtaji wa kusubiri miezi miwili.

Wenzetu Brazil walitunga sheria mwaka 2009: katika pesa ya serikali kuu ya chakula cha skuli, si chini ya asilimia 30 inunue kwa wakulima wadogo. Mimi natamani na kwetu iwepo. Lakini mimi na wewe hatutungi sheria, tuna duka na simu. Tuanze na tunachokiweza.

Maoni yangu ni haya: usianze na sahani ya mgeni, anza na sahani ya mfanyakazi.

Hoteli kubwa inalisha wafanyakazi wake kila siku. Wanakula wali, ugali, maharage, mchicha, muhogo, ndizi, yaani vitu ambavyo wakulima wetu wanavijua tangu utotoni. Jiko lile halikatai tango lililopinda. Na wageni wakipungua Aprili na Mei, wafanyakazi waliobaki bado wanakula. Vivyo hivyo skuli za watoto wadogo na migahawa ya mjini. Sasa hivi nauzia jiko la wafanyakazi la hoteli moja, chekechea moja na mgahawa mmoja. Bei iko chini, sikufichi. Lakini wote wananilipa kila Alkhamisi, na Alkhamisi hiyo hiyo kitabu changu cha madeni ya wakulima kinakuwa cheupe.

Ukitaka kuingia, fanya hivi:

1. Muulize mhasibu kabla ya mpishi. Mpishi ndiye anayependa bidhaa, mhasibu ndiye anayelipa. Uliza mnalipa siku gani, na siku zinahesabiwa kuanzia lini.

2. Zidisha mzigo wa wiki kwa wiki utakazosubiri. Ikizidi mtaji wako, punguza oda au kataa. Kukataa sio aibu.

3. Mlipe mkulima siku unayobeba mzigo. Kama huna pesa, usibebe.

4. Oda ipelekwe shamba kabla ya kupanda, sio siku ya kuvuna. Mchicha unataka kama mwezi mmoja, tango kama miwili, tungule kama mitatu. Na uwe na wakulima watatu kwa kila kitu kimoja, akikosa mmoja wapo wawili.

5. Ramadhani usiahidi ndizi wala muhogo kwa bei ya kawaida. Kila nyumba inataka futari na mkulima anajua.

6. Sajili biashara yako uweze kutoa risiti ya kielektroniki ya ZRA. Bila ya risiti utaishia getini.

Hoteli ikichelewa kukulipa utapata mteja mwengine, mji huu una majiko mengi. Lakini wakulima wa tungule nzuri wanajuana, na ukimdhulumu mmoja Bumbwini, Donge wanajua kabla ya Ijumaa.

Wewe ushawahi kuuzia hoteli au skuli? Walikulipa baada ya siku ngapi? Andika hapo chini, usitaje jina la mtu. Na kama una mwenzako ndo kapata oda yake ya kwanza kubwa, mtumie hii asome kabla hajaweka status.