Barua Katika Mtoto wa Meza

Kila mwaka huombwa niandike katika kitabu hiki juu ya elimu ya watoto wetu, na kila mwaka huandika yale yale. Safari hii nimeomba ruhusa ya kuandika juu ya sinema. Msicheke, ndugu zangu. Mwalimu akishastaafu hukaa nyumbani mchana kutwa, na mchana wa Uingereza, khasa wakati wa baridi, ni mrefu kwa mtu asiye na kazi, ijapokuwa jua lenyewe huzama mapema. Mama watoto ana ada ya kutazama zile sinema za mapenzi zinazotengenezwa kwa televisheni tu. Ziko za namna moja azipendazo zaidi ya zote: mtu wa leo anapendana na mtu aliyekwisha kufa zamani.

Kwa miaka mingi nilizidharau. Nilikuwa nikimwambia kuwa hizi ni hadithi za Alfu Lela Ulela, ila majini yameondolewa na mahali pao pametiwa saa za ukutani. Yeye hunijibu kuwa angalau humo hamna matusi wala watu kuvuana nguo, na mtu anaweza kukaa na wajukuu wake pasi na kuhangaika kutafuta kitufe cha kuzimia. Hoja hiyo sikupata kuishinda.

Iliyonigeuza ni moja, nayo yaitwa The Love Letter. Ilionyeshwa kwanza Marekani mwaka 1998, katika mfululizo wa Hallmark Hall of Fame ulioanza tangu 1951. Wenye mfululizo huo ni kampuni ya kadi za salamu, watu ambao riziki yao ni karatasi za kupelekeana mapenzi, basi si ajabu wakapenda kisa cha barua. Kijana wa Boston, anayechezwa na Campbell Scott, ananunua meza kongwe ya kuandikia. Meza ina mtoto wa siri, na ndani yake mna barua ya mwanamke mshairi aliyeishi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vile vya 1861 hadi 1865. Mwanamke huyo anachezwa na Jennifer Jason Leigh. Kijana anamjibu, anaitia barua posta, na barua inafika. Yule bibi naye anajibu.

Asili ya kisa ni hadithi fupi ya Jack Finney iliyochapwa mwaka 1959, na nikaitafuta nikaisoma. Kwa maoni yangu ni bora kuliko sinema, kwa sababu ni bahili. Humo mji ni Brooklyn na mwanamke ni wa mwaka 1882. Meza ina watoto watatu wa siri, na kila mmoja hufaa mara moja tu, ukishafunguliwa umekwisha. Mwanamume anatafuta karatasi ya zamani, wino wa zamani na stempu ya zamani, kisha anakwenda kuitia barua katika posta kongwe ambayo haijabadilishwa. Watoto wa meza wanapokwisha, mwanamke anabakiwa na mahali pamoja tu pa kuandika ambapo ana yakini mpenzi wake atapasoma: jiwe la kaburi lake. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka bustanini, na mvua ilikuwa ikinyesha.

Nina manung'uniko mawili. La kwanza ni la yule mchumba. Kijana wa sinema ana mchumba aliye hai, anayekula naye meza moja, na moyo wake kijana uko kwa marehemu. Watazamaji hutakiwa wamhurumie kijana. Mimi nilikuwa upande wa bibi harusi tangu mwanzo hadi mwisho, na nikitazama baadhi ya vikao vyetu vya kahawa naona sababu. Tunaweza kuzungumza saa nne juu ya Forodhani ya zamani, nani alikaa nyumba gani na embe za nani zilikuwa tamu, na watoto wetu wamekaa pembeni na simu zao, hakuna aliyewauliza hata hali.

La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kijana wa Boston anaifungua barua yenye umri wa zaidi ya miaka 130 na papo hapo anaisoma. Haulizi neno, haombi msaada. Mtengeneza sinema alihangaika na posta, na stempu, na vita, lakini hakufikiri hata dakika moja kuwa barua inaweza kufika salama na mpokeaji asijue kuisoma.

Mimi nina kasha la mama yangu, la misumari ya shaba, lenye vitoto vyake vya siri chini ya kile kijisanduku cha pembeni. Mna barua kumi na nne alizoniandikia tangu nilipoondoka Unguja mwaka 1984 hadi alipofariki 1991. Mama hakusoma skuli, alisoma chuoni, na aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee wake. Barua zinazohesabiwa miongoni mwa barua kongwe kabisa za Kiswahili ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi hizo hizo, na zimehifadhiwa Goa. Zimevuka miaka 300. Za mama zilikuwa hazijavuka hata kizazi kimoja. Wanangu watatu, wote wana shahada, hakuna anayeweza kuzisoma, na mwenye kosa ni mimi niliyewafundisha watoto wa watu.

Siku ile baada ya sinema mjukuu wangu, mwenye miaka kumi na mitatu, aliniuliza kama na sisi tuna meza yenye siri. Nikamwonyesha kasha. Akachukua barua, akaitazama, akasema, "Babu, hizi herufi nazijua." Bila shaka anazijua, amekwisha khitimu Kurani! Na Kiswahili anakisikia kila siku. Ila hapana aliyepata kumwambia kuwa viwili hivyo huweza kuwekwa pamoja. Akaanza kusoma polepole, "nimibata barua yako," akaniuliza kama bibi alikuwa akifuga bata. Nikamweleza kuwa mama alitumia be kwa sauti ya p, na kuwa irabu zetu ni tano na alama ni tatu, basi msomaji hana budi kusikiliza maana. Akarudia: "Nimepata barua yako." Baada ya hapo hakunihitaji sana.

Ilikuwa barua ya mwaka 1989. Mama anaulizia kama nitakuja kabla ya mfungo, kwa kuwa macho yake yanapungua na angependa kuniona akiwa bado anaona. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Sikwenda mwaka ule. Nilikuwa na mitihani ya wanafunzi. Mtoto akanitazama, akauliza, "Ulimjibu nini, Babu?" Sikumbuki nilimjibu nini.

Basi ombi langu ni hili. Jumamosi baada ya darasa la Kurani, watoto wabaki nusu saa, nami nitawasomesha khati za barua bila ya malipo. Leteni barua zenu, lakini leteni nakala, asili ziacheni nyumbani. Na mzitazame kwanza, maana wazee wetu waliandikiana mambo mazito kuhusu mirathi na talaka, na sitaki kulaumiwa na mtu.

Mjukuu wangu amebakisha barua tisa. Hataki nimsimulie zilizomo. Anasoma moja kila Jumamosi, na sasa ameanza na zile za mwaka 1990.