Kila Mlango kwa Ufunguo Wake

Wazee wetu walisema ya kwamba kila mlango una ufunguo wake. Juma hili methali hiyo na ituongoze katika habari ya ugonjwa ulioingia katika nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, ambao watu wengi wanautibu kwa kuazimana dawa kama vile waazimavyo jembe. Ugonjwa wenyewe ni kisukari.

Tutwae mfano. Katika lupango mmoja pale Manika wanakaa jamaa mbili. Upande huu yuko baba wa miaka 55, dereva wa lori mgodini. Daktari alimwona na kisukari, akampa vidonge, naye amepata nafuu. Upande ule yuko mtoto wa miaka 11. Majuma mawili sasa mtoto anakunywa maji bila kutosheka, anaamka usiku mara nyingi kwenda kukojoa, anakula sana na bado anakonda, hata kaptura ya shule yampwaya. Mmoja asema ni minyoo, mwingine asema ni malaria, wa tatu anong'ona ya kwamba mtoto amerogwa. Ndipo yule baba jirani, kwa moyo mwema, asema: “Dalili hizo ndizo zangu mimi. Mpeni vidonge vyangu, nusu asubuhi na nusu jioni.”

Je, amefanya vema? Moyo wake ni mwema kweli, lakini shauri lake laweza kumwua mtoto. Sikilizeni sababu.

Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho. Ndani yake mna visiwa vidogo sana, ambavyo Paul Langerhans wa Ujerumani aliviona mwaka 1869. Visiwa hivyo vyatoa insulini, na insulini ndiyo ufunguo unaofungua chembe za mwili ili sukari itoke katika damu na kuingia ndani kuwa nguvu. Kwa watu wazima wengi ufunguo upo, ila kufuli limeingia kutu, au ufunguo hautoshi. Hao husaidiwa na chakula cha kiasi, mwendo wa miguu, na vidonge. Lakini kwa watoto walio wengi wenye kisukari, askari wa mwili wenyewe wameviharibu visiwa vile. Ufunguo haupo kabisa. Vidonge vya jirani haviwezi kuuumba. Mtoto huyo anahitaji sindano ya insulini, tena upesi. Akicheleweshwa, damu yake yaingia asidi, aanza kutapika, apumua kwa nguvu na haraka, pumzi yake yanuka kama tunda lililoiva mno, kisha azimia. Wengi hufa wakidhaniwa kuwa na malaria.

Zamani mtoto wa namna hiyo hakuwa na tumaini lolote. Mwaka 1921, huko Toronto katika Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata dawa kutoka kongosho za wanyama, wakifanya kazi katika maabara ya profesa Macleod. Tarehe 11 Januari 1922 walimdunga mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu kufa. Mara ya kwanza dawa haikufaa, kwa kuwa haikuwa safi. James Collip akaisafisha, na tarehe 23 mwezi ule ule wakamdunga tena. Sukari ikashuka, nguvu zikamrudia, akaishi miaka 13 zaidi. Banting na wenzake waliuza haki ya dawa hiyo kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 tu kwa kila mtu, ili isiwe mali ya tajiri mmoja. Yafaa tukumbuke jambo hilo kila tuonapo bei ya insulini ikimshinda mzazi.

Sasa tumgeukie daktari wa tezi, yaani yule aliyesomea kongosho na tezi nyingine za mwili. Madaktari hao ni wachache katika Kongo, lakini namna yao ya kufanya kazi yaweza kufuatwa na kila mwuguzi mwenye akili na subira. Daktari wa namna hii hatoi dawa kwa jina la ugonjwa tu. Amwuliza mgonjwa: Una miaka mingapi? Unafanya kazi gani, na saa ngapi? Unakula nini, na nani anapika? Figo zako zapimwa zikoje? Una mimba? Nyumbani mna fedha kiasi gani za dawa? Maswali hayo si udadisi. Kila jibu lageuza dawa.

Tumwangalie yule baba dereva. Juma hili anafanya zamu ya mchana, juma lijalo zamu ya usiku. Ikiwa amepewa vidonge vinavyoisukuma kongosho kutoa insulini, akavimeza kisha akakosa chakula, sukari yake yaweza kushuka ghafula akiwa ameshika usukani. Atatetemeka, atatoka jasho baridi, macho yataona giza, na lori ni zito. Kwa mtu kama huyo daktari aweza kuchagua dawa nyingine, au kuzipanga saa za kumeza zifuatane na zamu zake. Na mfukoni asikose vipande vya sukari. Dalili zikianza, asimamishe gari, ale sukari kiasi cha vijiko vitatu vya chai, angoje dakika 15, kisha ale chakula. Lakini mtu aliyezimia asitiwe kitu chochote kinywani. Apelekwe hospitali mara moja.

Baba huyo avaa pia buti za mgodini kutwa nzima. Kisukari hufisha hisia za nyayo, hata kijiwe ndani ya buti kikimkata asisikie. Kidonda kidogo chaweza kuishia kukatwa mguu. Basi kila jioni na aangalie nyayo zake, au mkewe amwangalilie, na kila asubuhi akung'ute buti kabla ya kuvaa.

Na chakula je? Wengine hutangaza ya kwamba mwenye kisukari amekatazwa bukari milele. Sivyo. Bukari, iwe ya mahindi au ya muhogo, hugeuka sukari mwilini. Kwa hiyo tonge lipunguzwe, na sahani ijazwe sombe, matembele, maharagwe na samaki. Kinachopasa kuachwa ni vinywaji vitamu: chupa moja ya soda ya sentilita 33 ina sukari karibu gramu 35. Mama na asipike vyungu viwili. Chakula kimfaacho mgonjwa chawafaa na watoto.

Wengine huuliza habari za kufunga wakati wa Kwaresima. Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga, na kabla ya Komunyo Takatifu mgonjwa aweza kula na kumeza dawa zake bila hatia. Aache kitu kingine: bia, au maneno makali nyumbani. Kujinyima dawa si toba.

Katika siku za Union Minière, na hata baada ya serikali kuichukua mwaka 1967 ikawa kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines, jamaa za wafanyakazi zilizoea posho ya unga na hospitali ya kampuni. Leo jamaa nyingi za Lualaba zajilipia zenyewe, na baba achimbaye kwa mikono hana kadi ya hospitali yoyote. Ndiyo maana wengi hudunga nusu ya kipimo ili chupa idumu. Msifanye hivyo kwa siri. Mwambieni daktari wazi: “Fedha zangu ni hizi.” Aibu ya kusema umaskini imewaua wengi kuliko umaskini wenyewe. Daktari aweza kutafuta insulini ya bei nafuu zaidi, na parokia yaweza kusaidia, lakini hawawezi kusaidia jambo wasilolijua.

Na umeme ukikatika, au friji ikiwa haipo, insulini isitupwe. Chukueni vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, katikati mtie mchanga, mumwagie maji, mfunike kwa kitambaa kibichi. Chupa ya dawa ikae ndani, imefungwa katika mfuko usioingia maji. Lakini isigande kamwe, wala isiachwe juani.

Tumrudie mtoto wetu. Wazazi wake wafanye nini? Wasingoje kesho, wala kumsingizia bibi yake uchawi. Wampeleke leo hii mahali penye kipimo cha sukari. Tone moja la damu kidoleni latosha, na jibu latoka kwa dakika. Kwa mtu aliyefunga usiku kucha, miligramu 126 kwa desilita au zaidi, ikipimwa mara mbili, ndicho kisukari. Mwenye dalili kama za mtoto huyu, akionekana na 200 au zaidi saa yoyote, hangojewi tena. Kisha mtoto atajifunza kujidunga, atarudi shuleni, na mwalimu wake aambiwe, amruhusu kunywa maji na kutoka nje, na kula kipande cha sukari darasani pasipo adhabu.

Nanyi wanafunzi msomao ukurasa huu, msimcheke mwenzenu mwenye sindano mkobani. Yeye hubeba mkononi ufunguo ambao ninyi mwaubeba tumboni bila kujua.

Jirani mwema na atoe nauli, na amsindikize mgonjwa mpaka mlangoni pa hospitali. Vidonge vyake avitunze mwenyewe.