Kioo cha Rubani na Barafu

Mwalimu mmoja ametuuliza, "Rubani wa ndege ndogo afanyeje, barafu ikifunika kioo cha mbele hata asione njia?" Swali ni jema, nasi twapenda kulijibu mwezi huu.

Kwanza na ijulikane barafu hii yatoka wapi. Watu wengi wadhani ya kuwa maji yakifika nyuzi 0 za Selsiasi hayana budi kuganda. Sivyo. Katika mawingu hupatikana matone madogo sana yaliyo maji bado, ijapokuwa baridi yake imefika nyuzi 10 hata 20 chini ya sifuri. Hukaa hivyo mpaka yaguse kitu. Ndege ipitapo, huganda papo hapo juu ya mabawa, na rafadha, na kioo. Kwetu karibu na ikweta baridi hiyo huanza juu sana, kama mita 4,500 au 5,000, ndiyo sababu mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, una barafu kileleni nasi twalima migomba miguuni pake. Lakini huko Alaska na Kanada, wakati wa kipupwe, yaweza kukutwa karibu na nchi. Na huko ndege ndogo ndizo zichukuazo barua na wagonjwa.

Basi tutazame ndege iitwayo Cessna Caravan, yenye rafadha moja, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982. Hata Afrika Mashariki yajulikana, maana wamisionari husafiri nayo. Baadhi ya zile zilizotengenezwa kwa safari za baridi zilifungiwa kibao cha kioo mbele ya kioo cha rubani, chenye nyuzi za umeme za kukitia moto. Kibao hiki si kikubwa. Hakisafishi kioo chote, ila kidirisha tu mbele ya macho yake. Kwingine kote barafu hukaa nyeupe kama chokaa. Rubani hutua akitazama katika nafasi hiyo ndogo, na roho za wote walioketi nyuma yake zategemea nafasi hiyo. Sisi tulipofahamu jambo hili tulinyamaza kidogo. Tuwaombeapo wasafiri jioni, tuwakumbuke na hawa.

Tena kuna ajabu. Umeme wa kibao huivuruga dira ya sumaku iliyo karibu nacho, hata rubani huonywa asiiamini dira hiyo wakati kibao kinapowaka. Chombo kimpacho kuona mbele chamfichia upande wa kaskazini! Naye hapaswi kungoja barafu iwe nene ndipo awashe. Kazi ya moto huo ni kuizuia isishike.

Ndege nyingine, kama Cirrus SR22 zilizofungwa mtambo huo, hunyunyizia kioo dawa ya maji isiyoganda upesi. Asili ya dawa hiyo ni kazi ya Waingereza wakati wa vita vya 1939 hata 1945. Ni njia nzuri, lakini tangi lina mwisho wake. Na dawa ikinyunyizwa dakika ya kutua, kioo huwa na ukungu wa majimaji.

Na Cessna 172, ambayo wanafunzi wengi wa urubani hujifunzia? Hiyo haina kibao wala dawa. Ina hewa ya moto tu, ipulizwayo kioo kwa ndani, na sheria yaikataza kuingia mahali pajulikanapo kuwa na barafu. Abiria hunung'unika rubani akikataa kuondoka, twawasihi wasinung'unike. Akinaswa kwa bahati mbaya, kitabu cha ndege chamwagiza arudi alikotoka au abadili kimo, afungue hewa ya moto yote. Kioo kikizidi kufunikwa, afungue dirisha la kushoto, akwangue barafu mahali padogo kama aweza, kisha aishushe ndege kwa kuiinamisha ubavu, apate kuuona uwanja kwa upande.