Seva mbili siyo bekapu, jamani

Leo naomba niongee kidogo kuhusu hili neno "bekapu", maana naona watu wanalitaja kama vile mwanasiasa anavyotaja maendeleo.

Wiki hii maabara yetu ya kompyuta ilikaa siku mbili haiingiliki. Mashine zinawaka, mtandao upo, ila ukiweka jina na neno la siri unaambiwa hujulikani. Umeme ulikatika, ile seva yenye daftari la watumiaji wote ikazimika ghafla, na ilipowashwa databesi yake ikagoma kufunguka. Wengi wanalaumu umeme. Mimi silaumu umeme, umeme wetu si tunaujua? Kinachoniudhi ni kwamba nakala ya mwisho ilikuwa ya miezi mitano nyuma, yaani mwaka wa kwanza wote hawamo! Na ilikuwa wiki ya kukusanya kazi.

Nikaambiwa eti "kuna seva ya pili inanakili ya kwanza." Hapo ndipo tunapoachana. Seva ya pili inakusaidia ya kwanza ikifa. Lakini ukifuta watumiaji kwenye ya kwanza, ya pili nayo inafuta, tena kwa utii kabisa.

Waulizeni Maersk, kampuni ya meli ya Denmark. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilichoanzia Ukraine kiliwapiga. Walikuwa na seva kama 150 za Active Directory, kila moja ikinakili zenzake, wakaona inatosha. Zikafutika zote kwa mpigo, isipokuwa moja tu Ghana, na hiyo ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko! (Sasa mtaniambia umeme kukatika ni baraka.) Mtandao wa Ghana ulikuwa mdogo mno kutuma data yote, wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza, ikabidi mmoja aruke na diski hadi Nigeria, amkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, naye aipeleke London. Kampuni kubwa hivyo imeokolewa na giza la Afrika Magharibi.

Sisi wa OpenLDAP hatuna kisingizio. Amri ya slapcat inatoa daftari zima kuwa faili la maandishi, LDIF, na kwa databesi ya mdb huhitaji hata kuzima huduma. Iweke kwenye cron kila usiku. Usisahau slapcat -n 0 kwa ajili ya mipangilio, wengi wanaisahau. Halafu faili litoke kwenye mashine ile, liende kwingine, na lifungiwe vizuri maana maneno ya siri yamo humo, hata kama yamefumbwa. Watu elfu 10, tuseme kilobaiti 2 kila mmoja, ni megabaiti 20. Hizo ni nyimbo nne tano za MP3! Mtu asiniambie hakuna bajeti.

Kurejesha: zima slapd, sogeza databesi mbovu pembeni (usiifute, unaweza kuihitaji), ingiza mipangilio kwanza kwa slapadd, kisha data. Ukifanya hayo kama root, mafaili yatakuwa ya root na slapd itagoma kuwaka, kwa hiyo rudisha umiliki kwa mtumiaji wa huduma. Hapo tu mtu anaweza kupoteza usiku mzima akidhani nakala yenyewe ni mbovu.

Ndiyo maana nasema ijaribiwe kwenye ile kompyuta kuukuu inayokula vumbi, kila muhula. Viongozi wa madarasa, mkienda kwenye kikao msiulize kama bekapu zipo. Mtajibiwa zipo. Ulizeni ni lini mara ya mwisho mtu aliirejesha moja ikawaka, na nani alikuwepo akaona.