RUBANI ASIKIZWE KABLA YA KULAUMIWA



Juma lililopita, saa ya chakula, helikopta ndogo ilipita juu ya yadi yetu ikielekea uwanja wa Wilson. Ndugu mmoja wa karakana akasema, "Hilo ni sanduku la maiti lenye mapanga." Mwingine akamjibu ya kwamba ubaya si wa chombo, ni wa rubani mzembe. Wakabishana hata king'ora kikalia, wala hakuna aliyeshinda. Tumeona yafaa kulichukua jambo hili hapa, maana si la watu wa angani peke yao. Sisi pia twalijua neno linalosemwa kwanza gari moshi likiacha njia: "Dereva alikuwa akifanya nini?"

Helikopta ndogo ambayo marubani wamebishana sana juu yake ni Robinson R22 ya Marekani. Aliyeibuni ni Frank Robinson, mhandisi aliyefanya kazi katika viwanda vya wengine, kisha akaanzisha kampuni yake California mwaka 1973. Alitaka helikopta ya bei nafuu, ya mtu kusafiria mwenyewe. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1975, ikapata kibali cha serikali mwaka 1979. Ina viti viwili, injini ya petroli, na mapanga mawili makubwa juu. Nguvu ya injini yapelekwa juu kwa mikanda, kama mashine nyingi tuzijuazo. Pamoja na watu na mafuta yake haitakiwi kupita kilo 622 hivi.

Kwa kuwa ilikuwa rahisi, haikubaki kwa wasafiri. Shule za urubani ziliinunua ili kufundishia wanafunzi, na huko Australia wafugaji waliinunua kwa kuswaga ng'ombe. Basi chombo kilichobuniwa kwa safari kikawekwa mikononi mwa wanagenzi, kikapewa na kazi ya kupinda na kugeuka karibu na ardhi siku kutwa. Ajali zikaja.

Marubani wenyewe wasemaje? Wako wanaoisifu, na sifa zao si za bure. Wasema injini yake ni ya kutegemewa, gharama yake ni ndogo, na yatii mkono mara moja. Wasema pia ya kwamba aliyejifunza katika R22 hatapata taabu kubwa katika helikopta nyingine, kwa kuwa imemfundisha kushika kwa vidole vyepesi. Wengine wasema utii huo huo ndio hatari. Chombo hakimpi mtu nafasi ya kukosea. Mkono ukistuka, nacho chastuka.

Wote wawili wasema kweli, na fundi yeyote aweza kufahamu kwa nini. Gari moshi la mizigo likikatiwa nguvu laendelea mbali kwa uzito wake, lakini troli ya gengi yasimama upesi. Mapanga ya R22 ni mepesi, ni kama troli. Injini ikizimika, mwendo wake wapungua haraka sana. Rubani ana pengine sekunde moja tu ya kushusha wenzo wa mkono wa kushoto. Akiushusha, upepo utokao chini waendelea kuyazungusha mapanga, naye aweza kutua salama bila injini. Akichelewa, mapanga hupoteza nguvu ya kubeba, na hakuna dawa tena.

Hatari ya pili ni ya ajabu zaidi. Ukiwa ndani ya basi na likapita juu ya kilima kwa kasi, wasikia tumbo likipanda. Ni kama uzito wako umepotea kidogo. Rubani wa R22 akisukuma fimbo mbele kwa ghafula, uzito wa helikopta hupotea vivyo hivyo, na panga dogo la mkia hukilaza chombo upande wa kuume. Mkono wa mtu, kwa maumbile yake, wataka kuvuta fimbo kushoto. Kumbe hilo ndilo kosa! Mapanga hayana mzigo wa kuyashika, huinama kupita kiasi, kitovu chake hugonga mhimili, na mhimili waweza kukatika huko huko angani. Yampasa kwanza kuvuta fimbo nyuma polepole hata mapanga yabebe tena, ndipo asahihishe mlalo. Twauliza: mtu atajuaje jambo lililo kinyume na maumbile yake, asipofundishwa?

Mwaka 1995 idara ya anga ya Marekani ilitoa amri ya pekee kwa R22 na ndugu yake R44 yenye viti vinne. Kila rubani wa vyombo hivi afundishwe hatari zake. Mwanafunzi wa R22 asiruke peke yake kabla ya saa 20 na mwalimu. Asiyetimiza saa 200 katika helikopta, 50 kati ya hizo katika R22, lazima awe amefunzwa saa 10 ndani yake na mwalimu atie sahihi. Chombo nacho kikawekewa gavana, jamaa ya ile iliyo katika matatu, ila hii hushika mwendo wa injini na mapanga usipande wala kushuka. Mwaka 1996 bodi ya kuchunguza ajali ikatoa taarifa, ikieleza jinsi mkono mkubwa wa ghafula unavyoweza kuyapoteza mapanga.

Basi mafunzo yana faida, wala hatukatai ya kwamba marubani hukosea. Lakini tazameni mambo mengine mawili.

La kwanza ni ule mlalo wa kuume. Mwaka 2016 wachunguzi wa ajali wa New Zealand waliziweka helikopta za Robinson katika orodha yao ya mambo ya kuangaliwa sana, kwa sababu ya ajali za kugonga mhimili. Kwa miaka mingi rubani aliambiwa, jifunze wewe. Mwaka 2023 kampuni yenyewe ilitangaza mkia mpya kwa R44 na R66, wenye bawa pande zote mbili, ili kupunguza mlalo ule. Kumbe chuma nacho kiliweza kujifunza!

La pili ni moto. R44 za kwanza zilikuwa na matangi ya mafuta ya bati tupu. Zikianguka hata kwa pigo ambalo watu wangepona, tangi liliweza kupasuka na moto ukawaka. Mwaka 2010 kampuni ikaelekeza yatiwe matangi yenye mfuko wa mpira ndani. Lakini kazi hiyo ilikuwa na gharama, na wenye vyombo wengine walingoja. Mwezi wa Machi 2013, mahali paitwapo Bulli Tops katika Australia, R44 yenye matangi ya zamani ilianguka, ikawaka, watu wanne wakafa. Baada ya hapo serikali ya Australia ikakataza helikopta za namna hiyo kuruka kabla ya kubadilishwa. Ustadi wa rubani haubadilishi bati kuwa mpira. Anayeweza kulibadilisha ni mwenye chombo, kwa fedha zake.

Kwetu hapa jambo hili si la mbali. Uwanja wa Wilson uko mita 1,690 hivi juu ya bahari. Hewa ya juu ni nyembamba, na jua likiwa kali huzidi kuwa nyembamba, kwa hivyo injini na mapanga hubeba kidogo kuliko Mombasa. Rubani akipiga hesabu na kusema, "Mzigo huu ni mwingi, sitaruka," yule anayeharakisha safari asimwone mvivu. Amefanya kazi yake.

Sisi twasema hivi. Rubani afundishwe kwa saa kamili, zisipunguzwe kwa kubana fedha. Fundi apewe vipuri kwa wakati, na saa za chombo ziandikwe kwa kweli. Badiliko la usalama likitangazwa, lifanywe kabla ya mazishi. Na anayekishika chombo akisema ana mashaka nacho, aulizwe, "Umeona nini?"

Kwa wale ndugu wawili wa yadi, jibu letu ni hili. R22 si sanduku la maiti, maana wengi wameirusha miaka mingi na kurudi nyumbani. Wala si kila aliyekufa ndani yake alikuwa mzembe. Ni chombo chepesi kinachodai mengi, na deni lake lisilipwe na rubani peke yake.

Mhariri